Kidonda Kinapona, Kaswende Inabaki: Jinsi Jeni Chache za Bakteria Zinavyoikwepa Kinga ya Mwili

Kidonda cha kwanza cha kaswende hupona chenyewe. Hutokea mahali bakteria walipoingilia, kwa wastani siku 21 baada ya maambukizi, aghalabu hakiumi, na baada ya wiki tatu hadi sita hukauka hata kama mgonjwa hakutumia dawa yoyote. Watu wengi wamedanganyika na kukauka huko, wala hawastahili kulaumiwa, kwa sababu kidonda hicho kimepona kwelikweli: mfumo wa kinga umefika pale, umewaua bakteria kwa wingi mkubwa na kulisafisha eneo lote. Kwa maradhi mengi kazi ya namna hiyo ingetosha kumaliza ugonjwa. Kwa kaswende haitoshi. Mtu ambaye kinga yake imeshinda kidondani anaweza, asipotibiwa, kukaa na mabaki ya bakteria wale mwilini kwa miaka 20 au 30, na mwishowe wakamharibu mshipa mkuu wa damu, ubongo au uti wa mgongo.

Inakuwaje kinga iwe na nguvu ya kuliondoa kundi kubwa la bakteria mahali pamoja, lakini ishindwe kuwamaliza wachache waliosalia mahali pengine? Sehemu kubwa ya jibu imepatikana katika miaka 30 iliyopita, na imo katika namna bakteria huyu anavyozitumia na kuzibadilisha jeni zake chache, hasa zile zinazotengeneza protini za ngozi yake ya nje.

Bakteria mwenyewe, Treponema pallidum, alitambuliwa mjini Berlin mwaka 1905 na Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann. Ni mwembamba mno, amejisokota, na hutembea kwa kujizungusha akitumia mijeledi ambayo, tofauti na ile ya bakteria wengi, imefichwa ndani ya utando wake wa nje. Mwaka 1998 vinasaba vyake vilisomwa vyote, herufi kwa herufi, na kilichoonekana kiliwashangaza wengi: jozi 1,138,006 tu za herufi za DNA, zikiwa na jeni zinazokadiriwa kuwa 1,041. Bakteria wa kawaida wa utumbo, Escherichia coli, ana jozi zaidi ya milioni nne na nusu. Treponema amepoteza uwezo wa kujitengenezea karibu amino asidi zote, mafuta ya utando wake na viambato vya DNA, na hupata nishati hasa kwa kuvunja glukosi. Mahitaji mengine yote huyachukua kwa mwenyeji wake. Ndiyo maana kwa zaidi ya karne moja hakuna maabara iliyoweza kumkuza kwenye sahani, na aina inayotumiwa zaidi katika utafiti, iitwayo Nichols, iliyotolewa mwaka 1912 katika majimaji ya uti wa mgongo ya mgonjwa mmoja nchini Marekani, imehifadhiwa kwa kuhamishwa kutoka sungura hadi sungura. Mwaka 2018 ndipo watafiti wa Houston walipoonyesha kwamba anaweza kukuzwa kwa muda mrefu nje ya mnyama, na hata hapo ni lazima awekwe pamoja na seli za sungura katika hewa yenye oksijeni kidogo sana.

Katika orodha hiyo ya jeni kuna kitu muhimu kisichokuwemo. Treponema hana jeni za sumu kali kama zile za bakteria wa kipindupindu au wa pepopunda. Hana pia lipopolisakaridi, ile molekuli ya mafuta na sukari inayofunika bakteria wengi wa kundi lake la kimaumbile na ambayo kinga yetu huitambua mara moja na kuipigia mbiu. Kwa hiyo kidonda, upele, uvimbe wa tezi na hatimaye uharibifu wa mishipa ya damu havitokani na sumu aliyoimwaga bakteria. Kwa sehemu kubwa vinatokana na mwitikio wa mwili wenyewe: seli za kinga zinazomiminika, kemikali zinazotoa, na mishipa midogo ya damu inayovimba kuta na kuziba. Mtu asipolishika jambo hili, tabia nyingine zote za kaswende zitamwia vigumu kuelewa.

Jeni zinazotumika na zinazonyamaza

Kuwa na jeni si sawa na kuitumia. Jeni ni maelekezo yaliyoandikwa katika DNA, na ili yafanye kazi, lazima kwanza yanakiliwe katika RNA, kisha nakala hiyo isomwe na protini itengenezwe. Jeni inaponakiliwa kwa wingi, protini yake hujaa. Isiponakiliwa, inakuwapo lakini imenyamaza. Bakteria wengi huishi kwa kubadilisha haraka ni jeni zipi zinanakiliwa: joto likipanda, chumvi ikizidi au chakula kikipungua, mamia ya jeni huamshwa na mengine kunyamazishwa katika muda wa dakika.

Treponema hana ufundi mkubwa wa namna hiyo. Mfano ulio wazi zaidi ni joto. Bakteria wengi wakipata joto la ghafla huamsha kundi la jeni za kuziokoa protini zao zisiharibike, lakini treponema hana mwitikio huo, na jeni ya protini inayouongoza katika Escherichia coli haimo katika vinasaba vyake. Hupendelea joto la chini kidogo kuliko la ndani ya mwili, na homa kali humwumiza. Daktari Julius Wagner-Jauregg wa Vienna hakujua lolote kuhusu jeni alipoanza mwaka 1917 kuwaambukiza malaria kwa makusudi wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imefika ubongoni, ili homa iwatibu, lakini alikuwa amegusa udhaifu huo. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Wapo wagonjwa waliouawa na malaria hiyo, na penisilini ilipopatikana tiba hiyo iliachwa.

Watafiti walipopima RNA za treponema waliotolewa katika sungura, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, waliona kwamba miongoni mwa jeni zinazotumika kwa wingi zimo zile za mijeledi na mwendo, za kuvunja glukosi, na za antijeni, yaani molekuli ambazo wagonjwa wa kaswende hutengeneza kingamwili (protini za ulinzi) dhidi yake. Baadaye bakteria waliokuzwa maabara walipolinganishwa na wale wa ndani ya sungura, mpangilio wa matumizi ya jeni ulikuwa karibu uleule. Treponema, kwa maneno mengine, hategemei kujigeuza kwa ujumla kila mazingira yanapobadilika. Maisha yake yote ameyapitisha ndani ya binadamu, mahali ambapo joto, chumvi na chakula havibadiliki sana, na hivyo amebaki na swichi chache.

Mojawapo inafaa kutajwa kwa sababu inagusa kinga moja kwa moja. Mwili wa binadamu hupambana na bakteria kwa kuwaficha madini ya chuma, kwa kuwa wengi wao hawawezi kuzaliana bila hayo. Treponema anaonekana kuhitaji chuma kidogo sana. Kwa kazi nyingi hutumia manganizi. Ana protini iitwayo TroR ambayo huipima manganizi iliyomo ndani yake: ikiwa ya kutosha, TroR hushika DNA na kuzinyamazisha jeni za kuingiza madini, ikipungua, huachia na jeni hizo hunakiliwa tena. Mtego wa chuma, ambao huwanasa maadui wengi, kwake hauna nguvu kubwa.

Ngozi isiyo na cha kushikwa

Ili kingamwili imwue bakteria aliye hai, au imtie alama ili aliwe, lazima ishike kitu kilicho nje ya bakteria huyo. Hapa ndipo treponema anapoanza kuishinda kinga. Picha za darubini ya elektroni zilizochapishwa mwaka 1989 zilionyesha kwamba utando wake wa nje una protini chache mno, takriban asilimia moja ya zile zinazoonekana katika utando wa nje wa Escherichia coli. Protini zake zilizo nyingi, zikiwemo lipoprotini (protini zilizoshikamana na mafuta) zenye kuamsha kinga kwa nguvu, ziko chini ya utando huo, zimefunikwa.

Matokeo yake yanaonekana wazi katika damu ya mgonjwa. Wiki chache baada ya maambukizi damu hujaa kingamwili za treponema, lakini nyingi kati yake zimetengenezwa dhidi ya lipoprotini za ndani na protini za mijeledi, ambazo hufikiwa tu bakteria anapokufa na kupasuka. Kingamwili hizo ni ushahidi mzuri kwa mpimaji wa maabara, lakini hazimfikii bakteria aliye hai na utando wake mzima. Ndiyo sababu hatua ya pili ya kaswende inaonekana kama kichekesho cha maumbile kwa daktari anayeiona mara ya kwanza: upele umeenea hadi viganjani na kwenye nyayo, bakteria wametapakaa katika damu na tezi, na wakati huohuo kiwango cha kingamwili kiko juu kuliko wakati mwingine wowote wa ugonjwa.

Lakini kinga haijakaa bure. Kidondani, bakteria wanaokufa hudondosha lipoprotini zao, na hizo hutambuliwa na kipokezi kiitwacho TLR2 kilicho juu ya seli za ulinzi. Seli za dendriti huwabeba treponema hadi kwenye tezi za limfu na kuziamsha seli za kinga ziitwazo seli T. Seli T hufurika kidondani na kutoa interferoni gama, kemikali ambayo huwatia ari makrofaji, yaani seli zinazomeza vijidudu. Kingamwili nazo, zile chache zinazoweza kushika protini za nje, huwatia bakteria alama. Bakteria aliyetiwa alama akikutana na makrofaji aliyeamshwa humezwa na kuyeyushwa, na hivyo ndivyo kidonda kinavyosafishwa. Katika sungura kazi hiyo imefuatiliwa siku kwa siku: seli T huingia kwanza, makrofaji hufuata, na idadi ya bakteria huporomoka.

Wachache, hata hivyo, husalia. Mwaka 1992 kundi la Sheila Lukehart wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, lilionyesha kwamba treponema wanaobaki baada ya usafishaji huo wana sifa tofauti na waliokufa: makrofaji hawawamezi kwa urahisi hata kingamwili zikiwepo. Ilibaki kujua ni nini kilichowatofautisha ilhali wote walizaliwa na bakteria walewale.

Protini yenye sehemu saba zinazobadilika

Vinasaba vya treponema vina familia ya jeni 12 zinazofanana, ziitwazo tpr, kuanzia tprA hadi tprL. Kwa bakteria mwenye jeni zipatazo elfu moja, kuiwekea familia moja jeni 12 ni gharama kubwa, na gharama hiyo peke yake iliwashawishi watafiti kwamba kuna jambo. Jeni iliyovutia zaidi ni tprK. Lukehart, Arturo Centurion-Lara na wenzao walipoisoma katika bakteria wa mgonjwa mmoja mmoja, waligundua kwamba ndani ya mtu mmoja hakuna tprK moja. Kuna nyingi, na zote hutofautiana katika sehemu saba zilezile, zilizopewa majina V1 hadi V7, huku sehemu za katikati zikibaki vilevile.

Tofauti hizo hazitokani na makosa ya kawaida ya kunakili DNA, ambayo huja polepole. Mahali pengine katika kromosomu, pembeni mwa jeni ya tprD, kuna akiba ya vipande vya DNA ambavyo havitengenezi protini yoyote. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2004 ulihesabu vipande 53. Mara kwa mara nakala ya kipande kimoja au zaidi huingizwa katika mojawapo ya sehemu saba za tprK na kuifuta iliyokuwepo, ilhali akiba yenyewe haipungui. Ni kama fundi cherehani mwenye shati moja na gunia la vitambaa lisilokwisha, ambaye kila mara hubandua kiraka kimoja kati ya saba na kushona kingine. Kwa sehemu saba na vipande vinavyoweza kuunganishwa kwa namna nyingi, idadi ya protini zinazowezekana za jeni hiyo, ziitwazo TprK, inafikia mamilioni, na mzazi mmoja huweza kuzaa kizazi ambacho wanawe hawafanani wote usoni.

Sehemu hizo saba zinaaminika kuwa ndizo zinazojitokeza nje ya utando, na ndizo zinazolengwa na kingamwili. Kingamwili ambazo sungura ametengeneza dhidi ya umbo moja la V haziitambui vyema V iliyobadilishwa. Mambo yanayotokea kidondani sasa yanaeleweka vizuri zaidi. Kinga hujifunza umbo la TprK lililo la wengi, huwaua walio nalo, na wanaosalia ni wale waliokwisha kubadilika kabla hawajashambuliwa. Bakteria hajui kwamba anawindwa wala hapangi kubadilika. Mabadiliko hutokea muda wote, na kinga ndiyo inayochagua nani aishi. Jambo hilo lilithibitishwa kwa majaribio yaliyochapishwa mwaka 2010: katika sungura ambao kinga yao ilikuwa imepunguzwa kwa dawa, aina za tprK hazikuongezeka kama zilivyoongezeka katika sungura wenye kinga kamili. Bakteria wanaotolewa katika upele wa hatua ya pili nao wana tprK zilizotofautiana zaidi kuliko wale wa kidonda cha kwanza.

Kuna utaratibu wa pili, mwepesi zaidi, ambao nauona kuwa wa kustaajabisha kwa jinsi ulivyo sahili. Mbele ya jeni kadhaa za familia hiyohiyo, zikiwemo tprE, tprG na tprJ, kuna mfululizo wa herufi G zinazojirudia. Mahali hapo ndipo kimeng'enya cha kunakili RNA kinapojishikiza, na urefu wa mfululizo huo huamua kama kitaweza kushika. Kundi la Centurion-Lara na Lorenzo Giacani lilionyesha mwaka 2007 kwamba herufi G zikiwa nane au pungufu jeni hunakiliwa. Zikizidi nane, hunyamaza au karibu kunyamaza. Na kwa kuwa mashine ya kunakili DNA huteleza kirahisi inapopita juu ya herufi zinazojirudia, ikaongeza moja au kuruka moja, bakteria mwenye jeni inayonakiliwa huweza kumzaa bakteria mwenye jeni iliyonyamaza, na kinyume chake. Kosa la herufi moja linatosha kuiondoa protini nzima katika utando wa nje. Utaratibu kama huo umeonekana pia kwa TP0126, protini nyingine inayodhaniwa kukaa katika utando huo.

Kwa hiyo ndani ya mgonjwa mmoja treponema si jeshi la aina moja. Ni mchanganyiko unaobadilika kila siku: wenye TprK hii na wenye ile, wanaotumia tprJ na walioinyamazisha. Tendo lolote la kinga huwaondoa baadhi na kuwaachia nafasi wengine. Bakteria asiye na swichi nyingi za kuitikia mazingira amejaliwa utaratibu wa kubahatisha, na kwa kiumbe anayewindwa na kinga yenye kumbukumbu, kubahatisha kwa namna nyingi kunamfaa.

Kwa nini ugonjwa una hatua

Treponema hazaliani haraka. Hugawanyika mara moja kwa takriban saa 30 au zaidi, wakati Escherichia coli huhitaji dakika 20 tu katika mazingira mazuri. Polepole hiyo humsaidia, kwa sababu hatoi mishtuko mikubwa inayoiamsha kinga yote kwa pamoja. Wakati huohuo husafiri mapema sana. Kabla kidonda hakijaonekana tayari yumo katika damu na limfu, na katika utafiti wa Seattle uliochapishwa mwaka 1988, treponema walio hai walipatikana katika majimaji ya uti wa mgongo ya karibu theluthi moja ya wagonjwa wa hatua za awali. Usafishaji wa kidonda, kwa hiyo, hufanyika baada ya wengine kuwa wamekwisha kuhama.

Waliohama na kubadilika huzaliana mpaka idadi yao inatosha kuonekana, ndipo upele wa hatua ya pili unapotokea. Kinga hujifunza tena, husafisha tena, na ugonjwa huingia katika kipindi fiche. Kumbukumbu bora za mwenendo huu kwa wasiotibiwa zinatoka Oslo, ambako daktari Caesar Boeck, akiamini kwamba zebaki iliyotumika enzi hizo inadhuru kuliko kusaidia, aliwaacha wagonjwa wake bila tiba hiyo kati ya 1891 na 1910. Wagonjwa hao walipofuatiliwa na matokeo kuchapishwa mwaka 1955, takriban robo walikuwa wamepata tena dalili za hatua ya pili, na asilimia zipatazo 28 walifikia madhara ya hatua ya tatu. Waliobaki hawakupata madhara ya namna hiyo, na hilo linaonyesha kwamba kinga si dhaifu hata kidogo; kwa wengi huwadhibiti bakteria kwa maisha yote.

Katika hatua ya tatu hali inageuka kwa namna ya kusikitisha. Katika uvimbe wa guma na katika ukuta wa mshipa mkuu wa damu bakteria ni wachache mno, hata ni vigumu kuwaona, lakini seli T na makrofaji wamejazana na kuendelea kuharibu tishu. Silaha ileile iliyokiponya kidonda ndiyo sasa inayokula ukuta wa mshipa huo.

Mkusanyiko wa seli hizo kidondani una madhara mengine yanayotuhusu sana katika nchi zetu. Seli T na makrofaji zinazofurika pale ndizo seli ambazo VVU huziingia, na lipoprotini za treponema zimeonekana kuongeza katika makrofaji kipokezi cha CCR5, kimojawapo cha vile ambavyo virusi hivyo hutumia kuingilia. Kidonda cha kaswende kwa hiyo ni zaidi ya ngozi iliyochanika.

Yanayoonekana zahanati

Mama mjamzito anayechomwa kidole kliniki kwa kipimo cha pamoja cha VVU na kaswende huwa anapimwa kingamwili, si bakteria. Kipimo hicho cha haraka hutafuta kingamwili dhidi ya protini za treponema, na kwa watu wengi kingamwili hizo hubaki katika damu miaka mingi hata baada ya kutibiwa na kupona. Kipimo cha VDRL au RPR hutafuta kitu kingine: kingamwili dhidi ya kadiolipini, aina ya mafuta inayopatikana katika seli zetu zinazoharibiwa na katika treponema pia. Kiwango chake hupanda ugonjwa ukiwa hai na hushuka baada ya tiba, na ndiyo maana daktari hurudia RPR, wala harudii kile cha haraka, anapotaka kujua kama dawa imefanya kazi. Majibu mawili yanayoonekana kupingana huwa mara nyingi ni majibu sahihi ya maswali mawili tofauti, na wagonjwa wanastahili kuelezwa hivyo kwa lugha wanayoielewa badala ya kuachwa na karatasi na hofu.

Penisilini huua bakteria wakati anapojenga ukuta wake, yaani anapokua. Kwa kuwa treponema hukua polepole, dawa lazima ikae katika damu kwa siku nyingi, na hiyo ndiyo kazi ya benzathini penisilini, ambayo huachiwa taratibu kutoka msulini. Saa chache baada ya sindano wagonjwa wengine hupata homa, baridi na maumivu ya kichwa. Upele nao huweza kukolea. Wengi hudhani wana mzio wa penisilini. Kinachotokea ni kwamba bakteria wengi wamekufa kwa pamoja, lipoprotini zilizokuwa zimefunikwa zimemwagika, na kinga imeziona zote kwa mara moja. Hali hiyo, iitwayo mwitikio wa Jarisch-Herxheimer, hupita ndani ya saa 24.

Usugu dhidi ya penisilini haujaonekana kwa treponema hadi leo. Kwa azithromaisini, antibiotiki ya vidonge, mambo ni tofauti. Jaribio lililofanyika Mbeya na kuchapishwa mwaka 2005 lilionyesha kwamba dozi moja ya vidonge hivyo iliponya kaswende ya awali kama sindano ya penisilini, na kwa muda ikaonekana kwamba sindano ingeweza kuachwa. Lakini badiliko la herufi moja katika jeni ya RNA ya ribosomu, mtambo wa seli wa kutengeneza protini, linatosha kuifanya dawa hiyo isimshike bakteria, na aina zenye badiliko hilo zimeenea katika sehemu nyingi za dunia.

Uzito wa yote haya uko zaidi kwa watoto. Treponema hupenya kondo la nyuma, na mtoto aliye tumboni huathiriwa na bakteria pamoja na mwitikio wa uvimbe unaoamshwa. Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 uliwaangalia wanawake ambao hawakuwa wamepimwa kaswende wakati wa ujauzito: miongoni mwa waliokuwa na kaswende hai yenye kiwango kikubwa cha kingamwili, robo walizaa watoto wafu, na katika kundi zima asilimia 51 ya vifo vya watoto tumboni vilihusishwa na kaswende ya mama. Utafiti wa pamoja na huo ulionyesha kwamba dozi moja ya benzathini penisilini, ikitolewa wakati wa ujauzito, iliondoa hatari hiyo. Sijui takwimu nyingine katika maradhi haya zinazodai hatua kwa nguvu kama hizo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu wazima milioni 8 waliambukizwa kaswende ulimwenguni na kwamba ujauzito na watoto wapatao 700,000 waliathiriwa na kaswende ya kuzaliwa nayo.

Chanjo inawezekana?

Mtu aliyetibiwa mapema anaweza kuambukizwa tena, mara nyingi. Majaribio yaliyofanywa kwa wafungwa waliojitolea katika gereza la Sing Sing, New York, na kuchapishwa mwaka 1956, majaribio ambayo leo kamati yoyote ya maadili ingeyakataa, yalionyesha kwamba waliokuwa na kaswende fiche isiyotibiwa hawakuugua walipochomwa bakteria wapya, ilhali waliotibiwa katika hatua za mwanzo waliugua kama watu ambao hawajawahi kuambukizwa. Kinga ya kweli huhitaji muda mrefu wa kukutana na maumbo mengi ya bakteria.

Sungura wametoa ushahidi wa namna hiyohiyo. Mwaka 1973 mtafiti James Miller aliripoti kwamba aliweza kuwakinga kabisa sungura kwa treponema waliodhoofishwa kwa mionzi ya gama, lakini ilimbidi awachome sindano 60 katika muda wa wiki 37. Hakuna zahanati inayoweza kutoa chanjo ya namna hiyo. Hata hivyo jaribio lile lilithibitisha kwamba kinga kamili inawezekana, na tangu hapo utafutaji umeelekezwa kwenye sehemu za protini za nje ambazo bakteria hawezi kuzibadilisha bila kujidhuru.

Kikwazo kikubwa kilikuwa kwamba hakuna aliyeweza kubadilisha jeni za treponema kwa makusudi, na hivyo umuhimu wa tprK ulikisiwa tu kutokana na mfuatano wa matukio. Mwaka 2021 kundi la Giacani mjini Seattle lilifanikiwa kwa mara ya kwanza kumwingizia treponema jeni ngeni. Mwaka 2023 kundi hilo likaripoti hatua iliyosubiriwa: liliiondoa akiba ya vipande vinavyoilisha tprK, likaibakiza tprK yenyewe, kisha likawaambukiza sungura bakteria huyo asiyeweza tena kubadili viraka vyake. Aliishi na kuzaliana, lakini vidonda alivyosababisha vilikuwa hafifu na idadi ya bakteria ikawa ndogo kuliko ya aina ya asili. Kinga ya sungura, ikipewa adui mwenye sura moja, ilifanya kazi yake.